“Gari Inaenda Tu” Si Kipimo

Leo naweka kando mambo ya kompyuta, ingawa mtakaosoma hadi mwisho mtaona sikwenda nayo mbali. Kuna ubishi hapa Dadaab ambao nimeusikia kwenye vibanda vya chai, kwenye vituo vya mafuta na ndani ya magari yenyewe, na sasa umenichosha. Ubishi wenyewe ni huu: ukilifanyia gari servisi ya kawaida, yaani oili, filta, plagi, upepo wa matairi na mengine ya aina hiyo, je, litaendeka tofauti, tofauti ambayo dereva ataiona? Au ni pesa za kumnenepesha fundi?

Wabishi wamegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza unasema: “Nilibadilisha oili, nikatoka gereji, gari ni ile ile. Gari inaenda tu. Servisi ni biashara ya mafundi.” Upande wa pili unaapa: “Mimi nikitoka servisi gari inakuwa nyepesi, inaruka kama swala.”

Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Wote wanatumia makalio kama chombo cha kupimia. Mmoja ameketi kitini hakuhisi kitu, akahitimisha kwamba servisi haina maana. Mwingine ameketi kitini akahisi raha, akahitimisha kwamba servisi imefanya kazi. Hakuna hata mmoja aliyepima chochote. Na huyu wa pili msimwamini haraka, maana gari likioshwa tu mwenyewe husema linakwenda vizuri zaidi :-)

Hoja yangu ni hii, na nitaitetea hadi mwisho: servisi ina kazi kubwa, lakini hisia ya dereva si shahidi wa kutegemewa. Mara nyingine haioni kitu, na mara nyingine inasema kinyume kabisa cha ukweli. Anayeamua kufanya au kuahirisha servisi kwa kuuliza “unahisi gari ina shida?” anacheza kamari, na kwenye barabara zetu kamari hiyo hulipwa na abiria.

KWA NINI MWILI HAUONI

Sisi tunaoandika programu tunalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Chukua programu kwenye seva yenye hitilafu ya kumeza kumbukumbu ya mashine kidogo kidogo. Siku ya kwanza iko sawa. Siku ya tano iko sawa, ukimuuliza anayeitumia kila siku. Siku ya ishirini inajikokota kama punda mgonjwa, na bado huyo mtumiaji atakwambia “iko kawaida tu”, kwa sababu kila siku ilifanana na jana yake. Akija mgeni akagusa kibodi mara moja, anauliza papo hapo: “Mbona mashine yenu iko polepole hivi?”

Gari ni hivyo hivyo. Haliharibiki kwa siku moja. Linapoteza nguvu kidogo leo, breki zinapungua kidogo wiki ijayo, usukani unalegea kidogo mwezi ujao, na dereva anajirekebisha bila kujua. Anakanyaga mafuta zaidi kidogo. Anaanza kufunga breki mapema kidogo. Mwisho wake anasema gari ni zima, kumbe ni yeye ambaye amezoea ubovu.

Kuna sababu ya pili, nayo inatuhusu sana Wakenya. Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na wengi tunanunua yaliyokaribia umri huo. Linashuka Mombasa, linauzwa Nairobi, linapita mikono miwili mitatu, ndipo linafika huku. Sasa wewe mwenye Probox ya mkono wa nne, unasema “iko kama kawaida”. Kawaida ipi? Hujawahi kuliendesha likiwa jipya. Huna kipimo cha mwanzo. Kwenye kazi yangu mtu akiniambia programu yake haijapungua kasi, swali la kwanza ni: ilikuwa na kasi gani mwanzo? Kama hana jibu, maneno yake hayana uzito.

HISIA INAPOSEMA KINYUME

Kutokuona ni jambo moja. Kudanganywa ni jambo jingine, na hapa ndipo wabishi wa pande zote wanapoanguka. Nitatoa mifano mitatu ya huku huku kwetu.

Wa kwanza ni filta ya hewa. Vumbi la Dadaab mnalijua. Mkitoka Hagadera kwenda Ifo nyuma ya lori, hata nyusi zinabadilika rangi. Filta ikijaa, madereva wengi huitoa na kuipuliza kwa komprasa, tena na tena, hadi karatasi inachanika au mpira wa pembeni hauzibi vizuri tena. Sasa fikiri: filta yenye tundu inapitisha hewa kwa urahisi kuliko filta nzima. Injini inapumua. Dereva anahisi gari limepata nguvu, anafurahi. Na kumbe wakati huo huo vumbi linaingia moja kwa moja ndani ya silinda na kuikwangua kama msasa. Gari linaendeka vizuri siku ile ile linapouawa! Aliyesema “gari iko sawa, hata imeongeza nguvu” alikuwa anasema kweli kuhusu hisia yake, lakini kuhusu gari alikuwa amepotea.

Wa pili ni upepo wa matairi. Kwenye mchanga laini madereva wazoefu hupunguza upepo ili tairi lipanuke lisizame, na wanafanya sawa. Tatizo ni wakifika lami ya Garissa. Tairi lenye upepo kidogo ni laini, linameza mashimo, safari ni ya raha. Nani atasimama kujaza upepo wakati gari linateleza kama godoro? Basi anaendelea nalo hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 350, tairi likijikunja na kujikunjua kila linapozunguka, likipata moto kwenye jua ambalo tayari ni kali. Tairi linalopasuka kwenye mwendo wa kasi hupasuka mara nyingi kwa sababu hii. Na mafuta je? Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi moja inayopungua kwenye matairi inakula kama asilimia 0.2 ya umbali wa mafuta. Pungufu ya psi 15 ni asilimia 3. Hakuna makalio duniani yanayohisi asilimia 3. Lakini ukiwa na magari kumi yanayozunguka kambini kila siku, hesabu ya mwisho wa mwaka inaihisi.

Wa tatu ni shokamzoba, zile fimbo zinazozuia gari lisinesenese. Barabara yetu ya Garissa ina mawimbi yale madogo madogo yanayotikisa meno, na kila wimbi ni kazi kwa shokamzoba. Zinapata moto, zinavuja, zinachoka. Ikichoka, gari linakuwa laini, linanesa kama mashua. Kuna watu hulipenda hivyo! Lakini tairi linaloruka haliko ardhini, na tairi lisilo ardhini halifungi breki wala haligeuki. Utalijua hilo siku mbuzi au mtoto atakapokatiza barabara.

Mifano mitatu, na katika yote mitatu kiti cha dereva kilisema “raha” wakati ukweli ulikuwa “hatari”. Bado mnataka kukitumia kama kipimo?

VITU AMBAVYO HUTAHISI, NA HUPASWI KUHISI

Sasa turudi kwa yule wa “nilibadilisha oili, gari ni ile ile.” Ndugu yangu, nani alikuahidi kwamba itakuwa tofauti? Kazi ya oili ni kuhakikisha kesho gari linakuwa lile lile. Ukifanya nakala ya akiba ya data zako leo, kompyuta haitaongeza kasi. Je, utasema nakala ya akiba ni ujinga? Utajua maana yake siku diski itakapokufa.

Mafuta ya breki ni hivyo hivyo. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, mwaka baada ya mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. Hapa kwetu ardhi ni tambarare, unafunga breki mara chache, pedali iko ngumu na nzuri, huhisi lolote. Gari hilo hilo likienda Nairobi na mzigo, likaanza kushuka vilima vya upande wa Mwingi, breki zikapata moto, mafuta yakachemka, pedali inazama hadi chini. Tofauti ya uendeshaji unaihisi wakati huo, na umechelewa.

Kulanti nayo. Wengi hujaza maji ya kisima kwenye rejeta kwa sababu “maji ni maji”. Maji yetu yanatoka chini ya ardhi, kwenye hifadhi ya Merti, na yana madini. Tazama sufuria au birika la chai uliyoitumia miaka miwili, uone ule ukoko mweupe ndani yake. Ukoko huo huo unajijenga kwenye mishipa ya rejeta. Gari haligomi siku ya kwanza. Linagoma siku ya joto kali, likiwa limejaa watu, mbali na kila kitu.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye Land Cruiser zile ngumu za mashirika, zenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2. Injini hiyo ina mkanda wa taiming, na kwenye dashibodi kuna taa ya kukukumbusha kuubadilisha. Je, mnajua taa hiyo inaupima mkanda namna gani? Haiupimi kabisa. Inahesabu kilomita tu. Zikifika idadi iliyowekwa, inawaka, mkanda uwe mzuri au mbaya. Mkanda ukikatika barabarani, vali hugonga pistoni na injini imekwisha, na kabla ya hapo haukukupa dalili yoyote ya kuhisi. Watengenezaji walijua hilo. Hawakumuuliza dereva anahisi nini. Walihesabu.

NA ZILE UNAZOHISI KWELI

Sitaki niwaache mkidhani hakuna tofauti inayoonekana. Ipo, na ni kubwa, ila inategemea ni servisi gani kwenye gari gani.

Tuchukue filta ya hewa iliyoziba, mara hii bila tundu. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge huko Marekani ililipima jambo hili. Kwenye magari ya petroli ya kisasa, filta iliyoziba haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta ya injini hupima hewa inayoingia na kupunguza petroli ilingane nayo. Kilichopungua ni uwezo wa gari kuongeza kasi, na filta safi iliurudisha kwa kama asilimia 6 hadi 11. Kwa hiyo mwenye Probox anayesema “nimeweka filta mpya, mafuta yanakaa zaidi” huenda anajifurahisha. Anayesema “inaondoka haraka zaidi nikitaka kulipita lori” huenda ana haki.

Sasa nenda kwenye ile 1HZ. Haina kompyuta ya kusimamia mafuta. Pampu yake ni ya vyuma vitupu, nayo inamwaga dizeli kulingana na mguu wa dereva, hewa iwepo isiwepo. Filta ikiziba, dizeli isiyopata hewa ya kutosha inatoka nyuma ikiwa moshi mweusi. Hapo unapoteza nguvu na pia unatupa mafuta. Servisi ni ile ile, filta ni ile ile, majibu mawili tofauti, kwa sababu gari moja lina programu ndani yake na jingine halina. Ndiyo maana ubishi wa jumla wa “servisi inasaidia au haisaidii” ni ubishi wa kipuuzi. Uliza servisi gani, gari gani.

Filta ya dizeli pia inahisiwa. Ikiziba, gari linakwenda vizuri likiwa tupu, lakini ukilipakia na kuingia kwenye mchanga linakata pumzi. Kwa wanaonunua mafuta ya mitungi ya barabarani, hili ni jambo la kila mara. Uchanganyaji wa mafuta ya taa na dizeli ulikuwa mkubwa nchini kiasi kwamba Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli inavyolainisha, na pampu ikilika hakuna filta itakayoirudisha.

NAJUA MTAKACHOSEMA

“Kuna mzee namjua, Land Cruiser yake haijaona servisi miaka mitano, bado inakimbia.” Sawa. Na yale yaliyokufa yako wapi? Yako nyuma ya gereji, yamefunguliwa spea, hayako barabarani kukutolea ushahidi. Ukihesabu walio hai tu, kila kitu kitaonekana salama.

“Mafundi ni wezi, wanabadilisha kitu kizima ili wakutoze.” Wapo, sibishi. Na spea feki zimejaa. Lakini dawa ya mwizi ni hesabu. Asiyepima ndiye anayeibiwa kwa urahisi, maana hawezi kuthibitisha kwamba kilichobadilishwa kilikuwa kizima au kwamba kipya hakijasaidia.

“Kitabu cha gari kinasema kilomita 10,000, fundi ananiambia 5,000.” Soma kitabu hadi mwisho. Watengenezaji wengi huandika ratiba mbili, moja ya mazingira ya kawaida na nyingine ya mazingira magumu: vumbi, joto kali, safari fupi fupi, injini kuachwa ikiunguruma gari limesimama. Hayo manne ndiyo maisha ya gari la Dadaab. Ratiba yetu ni ile ya pili, siku zote.

PIMA, HAIHITAJI MTAMBO

Kwa magari yenye kompyuta unaweza kununua kile kifaa kidogo cha ELM327, ukakichomeka chini ya usukani na kusoma kwenye simu. Kinasaidia, ingawa magari mengine yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaelewani nacho vizuri. Kwa 1HZ hakuna hata pa kukichomeka. Kwa hiyo nawapa njia inayofanya kazi kwa wote: daftari na kalamu.

1. Jaza tangi hadi juu, andika kilomita. Ukijaza tena hadi juu, andika kilomita na lita. Gawanya. Fanya hivyo kila mara, si mara moja.

2. Chagua kipande kimoja cha barabara, mzigo ule ule, na uandike gari linatumia sekunde ngapi kutoka mwendo wa 40 hadi 80. Abiria ndiye ashike saa, si dereva!

3. Pima upepo wa matairi asubuhi kabla jua halijawaka, kila wiki. Upepo wa mchana huwa juu kwa sababu ya joto na utakudanganya.

4. Ukifanya servisi, badilisha kitu kimoja, pima, kisha kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua ni kipi kilisaidia. Huu ndio ule ule utafutaji wa hitilafu tunaoufanya kwenye programu.

5. Vile usivyoweza kuhisi wala kupima, kama mkanda na mafuta ya breki, vifuate kwa kilomita na tarehe. Usibishane navyo.

Baada ya miezi mitatu utakuwa na kitu ambacho hakuna mbishi yeyote wa kibandani anacho: ushahidi.

NANI ANALIPA

Nimeandika kwa ukali kwa sababu jambo hili si la wapenda magari pekee. Kutoka hapa hadi Garissa ni kama kilomita 100. Wagonjwa ambao hospitali za Hagadera, Ifo na Dagahaley haziwezi kuwamaliza shida hupewa rufaa kwenda huko, na wengine ni akina mama waliokwama katika uchungu. Tangu utekaji nyara wa Oktoba 2011, magari ya mashirika yalizoea kusafiri kwa msafara wenye askari. Gari moja likizima katikati ya njia, wote wanasimama, jua likiwa nyuzi 35 au zaidi, mahali ambapo hakuna anayetaka kusimama. Kwa gari la abiria lisilo na askari, msiniulize.

Na sasa pesa zimepungua. Tangu Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwaka 2025, kila ofisi inatafuta pa kupunguza. Najua kitakachokatwa kwanza, kwa sababu ni kilekile kinachokatwa kwenye seva: matengenezo ya kitu ambacho “bado kinafanya kazi”. Mwenye bajeti atamwita dereva amuulize, “Gari ina shida?” Dereva atajibu kwa unyofu, “Hapana bosi, inaenda tu.” Servisi itasogezwa mwezi mmoja, kisha mwingine. Siku likizima na mgonjwa ndani, atakayeandikiwa barua ni dereva.

Wenye bajeti, acheni swali hilo. Ombeni daftari. Kama daftari halipo, anzeni nalo kesho asubuhi, halafu muone kama mtathubutu kukata. Na nyinyi madereva, msikubali tena kuwa kipimo cha gari, kwa sababu ikitokea ajali mtageuzwa kuwa sababu yake. Andikeni namba, wekeni tarehe, pelekeni ofisini nakala na mbaki na yenu.

Mwenye hoja ya kunipinga aje, nitamsikiliza kwa furaha. Ila aje na namba.